Kilomita 226 kwa Mtu wa Kawaida

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu, wazazi na vijana mjini Wete, Pemba. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa mbele, na nyinyi wanangu mliosimama kule mlangoni: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo najua limekuwa likiulizwa barazani tangu watu walipoanza kuniona njiani baada ya sala ya alfajiri. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye mke na watoto, anakwenda wapi na baiskeli kabla jua halijatoka? Na kwa nini jioni yake yuko baharini, na kesho yake anakimbia? Nashukuru kwamba mmeuliza, na nitajibu kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sote kuliko linavyoonekana.

Ninajiandaa kwa mashindano ya triathloni ya masafa marefu. Mshiriki huogelea kilomita 3.8 katika maji ya wazi, akatoka akapanda baiskeli kilomita 180, akashuka akakimbia marathoni nzima, yaani kilomita 42 na zaidi kidogo. Yote hayo hufanywa siku moja, na saa haisimami hata pale unapobadilisha viatu. Jumla yake ni kilomita 226. Kisiwa chetu hiki, kutoka Ras Kigomasha mpaka ncha ya kusini, hakifiki kilomita 70. Basi ile sehemu ya baiskeli peke yake inakaribia urefu wa Pemba mara tatu. Muda unaotolewa katika mashindano mengi ya aina hii ni saa 17. Ukianza saa 1 asubuhi, unatakiwa uwe umefika kabla ya saa 6 usiku.

Sasa nawauliza: je, hili ni jambo la mtu wa kawaida? Ni jambo la mwalimu, la muuguzi, la muuza duka, la mama mwenye watoto watatu? Mimi nasema ndiyo. Na sababu yangu ni moja, ambayo ndiyo nitakayoirudia leo mpaka mnikumbuke nayo: masafa marefu yanahitaji mpango kuliko yanavyohitaji ubavu. Mwenye ubavu bila ya mpango huishia njiani. Mwenye mpango, hata akiwa na mwili wa wastani, hufika.

Angalieni namna mashindano haya yalivyozaliwa. Yalizaliwa kisiwani, katika Oahu ya Hawaii. Mwaka 1977 wanamichezo wa pale walikuwa wakibishana ni nani mwenye siha zaidi, muogeleaji, mkimbiaji au mpanda baiskeli. John Collins, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, na mkewe Judy, wakapendekeza yaunganishwe mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani hapo, ili ubishi umalizike. Tarehe 18 Februari 1978 walijitokeza watu 15, kila mmoja na watu wake wa kumpa maji na chakula njiani. Walimaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Collins mwenyewe naye aliingia, na yeye alitumia takriban saa 17. Mnaona? Tangu siku ya kwanza mbio hizi zilikuwa na nafasi ya yule wa mbele na nafasi ya yule anayefika usiku. Na wazee wangu msije mkadhani mmeachwa nje: mwaka 2018, kule kule Hawaii, Mjapani anayeitwa Hiromu Inada alimaliza masafa yote haya ndani ya muda uliowekwa akiwa na umri wa miaka 85.

Nianze na bahari, kwa sababu ndiyo inayotangulia, na ndiyo tunayodhani kwamba tunaijua.

Sisi ni watu wa kisiwa. Lakini nikiomba hapa wanyooshe mikono wale wanaoweza kuogelea mita 200 bila ya kugusa chini, ni mikono mingapi itakayonyanyuka? Na wengi wa wanaoweza huogelea kichwa kikiwa juu ya maji, shingo imekakamaa, miguu imezama. Namna hiyo inatosha kumfikisha mtu kwenye mtumbwi, lakini haimfikishi kilomita 3.8. Kichwa kikinyanyuka, miguu hushuka, na miguu ikishuka unauburuta mwili wako mwenyewe. Inabidi uso uwe ndani ya maji, pumzi itolewe taratibu humo humo, halafu uugeuze uso upande mmoja uvute hewa, uurudishe.

Mimi nimefundishwa na mvuvi wa Tumbe, mzee aliyekwishapita miaka 60, ambaye neno triathloni alilisikia kwangu mara ya kwanza. Siku ya mwanzo hakuniruhusu niondoke ubavuni mwa mtumbwi wake. Alinishikisha ukingo kwa mikono miwili, akaniambia nitie uso majini nitoe pumzi kwa pua, ninyanyue, nitie tena. Yeye amekaa, pondo ameliweka magotini, anavitazama vipovu vinavyopanda. Vikitoka kwa fujo husema, "Rudia." Vikitoka kwa mstari hunyamaza. Tulikaa hivyo mpaka maji yakaanza kupwa. Baada ya siku hizo ndipo aliponionesha mkondo. Alinielekeza mvinje mmoja ulioko ufukweni na kuniambia, "Mwanangu, ukitaka kuufikia ule mvinje usiuelekee wenyewe. Lenga juu yake, kule mkondo unakotokea, maji yatakushusha mpaka hapo hapo." Waogeleaji wa mbio hizi hunyanyua macho kila baada ya mikono kadhaa kutafuta alama mbele yao. Mzee wangu alilijua hilo kabla sijazaliwa.

Na ni yeye aliyenifundisha kuhusu saa. Ratiba za mazoezi zinazopatikana kwenye intaneti huandikwa na watu wanaoogelea katika mabwawa: Jumanne na Alhamisi, saa 12 asubuhi. Nilimsomea moja. Akaniuliza, "Na bahari imeshaambiwa?" Ndugu zangu, bahari ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana wakati wa asubuhi, na kina mama wanakuwa wako mwambani na vikapu vyao. Muogeleaji hana maji ya kuogelea hata akilia. Siku hizo hungoja alasiri, kuanzia saa 10, na ajue kwamba mkondo wa bamvua una nguvu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, maji hujaa kati ya asubuhi, mkondo unatulia, na hizo ndizo siku za kuogelea kwa masafa. Ongezeni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia Juni mpaka Septemba, upande wa mashariki haukaliki. Sisi wa upande wa magharibi tuna vijito na ghuba zilizositirika. Kwa hiyo mpango wangu wa wiki huanza kwa kutazama mwezi, kisha ndipo natazama kalenda ya shule.

Sharti moja halina mjadala: mtu haogelei peke yake. Kila ninapoingia, mtumbwi uko karibu, nami nimevaa kofia ya rangi kali inayoonekana kwa mbali.

Nimekaa zaidi kwenye bahari, na nitasema kwa nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija huku kwetu Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe. Humu ndani mna watu waliozika, na mna watu ambao hawakupata hata wa kumzika. Sitasema kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Usiku ule, katika mkondo ule, hakuna anayeweza kusema hivyo. Nasema kwamba watoto wa visiwa kukua bila ya kujifunza hata kuelea chali na kupumua ni jambo ambalo sisi watu wazima tunaweza kulirekebisha, na hatujalirekebisha. Mbio zangu zingeishia kwenye kulisema hili tu, mimi ningeona zimenitosha.

Sasa barabara. Wengi wananiuliza bei ya baiskeli. Zipo baiskeli za mashindano zenye bei ya gari, na zinaokoa dakika. Lakini mtu anayelenga kufika ndani ya saa 17 hahitaji dakika hizo, anahitaji baiskeli inayolingana na mwili wake. Yangu imeshatumika kwa wengine, ni ya chuma, na ina gia zinazofanya kazi. Fundi mmoja wa Chake Chake alinikalisha juu yake, mimi nimeegemea ukuta, akaniambia nivue viatu niweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Goti likapinda. Akashuka na spana, akapandisha siti kidogo, akatazama tena. Alifanya hivyo mpaka mguu uliponyooka sawasawa bila ya kiuno kuinama upande, kisha akachora alama ya rangi kwenye bomba la siti ili isije ikashuka bila ya mimi kujua. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na maumivu ya goti niliyokuwa nayo yakaondoka.

Pemba si Unguja. Sisi tuna vilima. Ukitoka Chake kwenda Mkoani hupumziki, unapanda na kushuka. Wengine huona ni mkosi, mimi naona ni darasa. Kwenye mlima unaweka gia nyepesi na kuzungusha miguu upesi upesi, karibu mizunguko 80 kwa dakika, badala ya kusukuma gia nzito kwa nguvu za mapaja, kwani mapaja hayo hayo ndiyo yatakayokimbia marathoni baadaye. Msimu wa karafuu barabara huwa finyu zaidi, majamvi yameanikwa ukingoni, na daladala hukwepa kuja katikati. Mpanda baiskeli apunguze mwendo, awape salamu wenye karafuu, na asithubutu kukanyaga jamvi la mtu. Taa ya nyuma iwake hata mchana.

Chakula na maji ndiko watu wengi wanakoangukia. Mwaka 1982 huko Hawaii mwanafunzi mmoja, Julie Moss, aliyeingia mbioni kama sehemu ya utafiti wake wa chuo, aliongoza wanawake wote mpaka mita chache kabla ya kumaliza. Hapo miguu ikamwishia. Akaanguka, akanyanyuka, akaanguka tena. Mwenzake Kathleen McCartney akampita bila hata ya kujua kwamba anampita wa kwanza. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka mstarini, akawa wa pili kwa tofauti ya sekunde 29. Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa, na ushujaa upo. Mimi kama mtu anayejiandaa nakisoma kwa jicho jengine: mwili uliomaliza akiba yake hausikii amri tena.

Kwa hiyo katika safari ndefu unakula ungali huna njaa. Wataalamu wa michezo hushauri kiasi cha gramu 60 mpaka 90 za wanga na sukari kwa saa katika mbio za masafa haya. Gramu 60 ni kama ndizi mbivu mbili kubwa. Tende zinafaa sana, viazi vitamu vya kuchemsha vinafaa, na hata kipande cha haluwa ya hapa hapa Wete kinafaa, ilimradi tumbo limezoezwa mapema na lisije likashtukizwa siku ya mashindano. Upande wa maji nataka mnisikilize vizuri. Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, lakini chumvi inayotoka kwenye jasho ni sodiamu kwa sehemu kubwa, na dafu lina kidogo. Anayetoka jasho kwa saa nyingi katika joto letu, akawa anakunywa maji matupu kwa wingi, anaweza kuipunguza chumvi ya damu yake mpaka akachanganyikiwa, akatapika, na hata akafa. Kwa hiyo chumvi iwemo, kwenye maji au kwenye chakula.

Tuje kwenye kukimbia. Hapa nitakuwa mfupi, kwani kukimbia kila mtu anakujua. Jambo gumu ni kukimbia taratibu. Mtafiti Stephen Seiler, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Norway, alichunguza mazoezi ya wanamichezo bora wa masafa na kukuta kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Hao ni mabingwa, sembuse sisi? Na wepesi huo unapimwaje kwa mtu asiye na mashine ya kifuani ya kuhesabu mapigo ya moyo? Hapa Pemba tunacho kipimo bora kabisa. Hukimbii mita 50 bila ya kusalimiwa. Ukitolewa salamu, ijibu yote: waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, na uulizie hali ya nyumbani. Ukiweza kuimaliza bila ya kukatika pumzi, mwendo wako ni sahihi. Ukijibu kwa kunyanyua mkono tu, umezidisha, punguza.

Vijana hawapendi kuambiwa hivyo, nawaona mnavyotazamana. Basi nikutajieni Mtanzania mwenzetu, Juma Ikangaa. Mwaka 1988 alishindwa marathoni ya Boston kwa sekunde moja. Mwaka uliofuata akawa wa pili tena pale pale, na mwaka 1990 wa pili tena. Lakini Novemba 1989 aliishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ni yeye anayenukuliwa akisema kwamba nia ya kushinda haina maana kama huna nia ya kujiandaa. Kauli hiyo naipenda kwa sababu imetoka kwa mtu aliyekosa ushindi kwa sekunde moja na bado akarudi kwenye mazoezi.

Limebaki moja, nalo ni nyumba. Mazoezi haya huchukua saa nane mpaka 12 kwa wiki kwa mtu wa kawaida. Saa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa mke, kwa mume, kwa watoto, kwa wazazi. Anayezichukua bila ya ruhusa anakula haki ya watu. Kabla sijamlipa fundi wala kumfuata mvuvi nilikaa na mke wangu, tukaandika. Yeye aliweka masharti yake: Ijumaa haina mazoezi, mtoto akiumwa mazoezi yamekwisha, na nikirudi Jumapili kutoka Mkoani nisije nikalala mchana kutwa nikamwachia yeye kazi zote. Lile la tatu ndilo lililonifundisha kwenda taratibu, kwani anayerudi hoi amejizidishia. Mwezi wa Ramadhani tunapunguza kila kitu. Nakimbia kidogo saa ya mwisho kabla ya futari au baada ya tarawehe, na bahari na vilima vinangoja. Hata nje ya Ramadhani, baada ya wiki tatu za kuongeza huja wiki moja ya kupunguza, na wiki mbili au tatu za mwisho kabla ya mashindano ni za kupumzisha mwili huku ukiutikisa kidogo tu. Mwili hupata nguvu unapopumzika baada ya kazi, na asiyepumzika anapoteza kazi yake.

Na kabla ya yote hayo, mwenye umri kama wangu aende hospitali apimwe presha, sukari na moyo. Msione haya. Mimi nimepimwa.

Mashindano ninayoyalenga yanafanyika Afrika Kusini, katika ghuba ya Nelson Mandela, ambako maji ni baridi mno kwa mtu aliyezoea bahari yetu, na inabidi kuvaa vazi la mpira la kuzuia baridi. Nitakwenda, Mungu akipenda. Lakini nimekubali kuzungumza leo kwa sababu ya jambo tutakalolianza kabla ya safari hiyo, nalo ni darasa la kuogelea kwa watoto wetu. Msiseme kwamba ni la wavulana tu. Kaskazini mwa Unguja wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima, na picha zao zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Yaliyowezekana kwao yanawezekana kwetu.

Jumamosi ya wiki ijayo maji yatakuwa mafu, na yatajaa asubuhi karibu saa 4. Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze amlete ufukweni saa 3, akiwa amekula kitu chepesi, na nguo zake ziwe za kubana kidogo zisizobeba maji. Wasichana watakuwa na walimu wanawake na sehemu yao. Mitumbwi miwili itakuwapo, na mzee wangu wa Tumbe amekubali kuja. Siku hiyo hakuna atakayeogelea mbali. Tutashika ukingo wa mtumbwi na kutoa pumzi majini. Majina yaandikishwe kwa katibu pale mezani kabla hamjaondoka, pamoja na jina la mtu mzima atakayekaa ufukweni muda wote, kwa sababu mtoto aliyeletwa akaachwa hatutampokea.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.